Nilikimbia miezi 14, nikapungua kilo 13, nikashindwa kubeba kiroba: tuzungumze aina za mazoezi na kila moja inachofanya mwilini

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Nimeuandika kwa ajili ya kila anayeamka saa 11 alfajiri kwenda kukimbia akiwa na lengo moja tu, kukata kitambi. Mimi nilikuwa huyo kwa miezi 14 mfululizo, na kuna jambo natamani mtu angeniambia mapema.

Nilianza jogingi na kundi la mtaani kwetu Mbagala nikiwa na kilo 94. Kiuno alinipima fundi cherehani jirani yangu, sentimita 108. Jumanne na Alhamisi tulikimbia kilomita 6, Jumapili 12, tukiimba njia nzima. Baada ya miezi 14 mizani ikasoma 81, futi ya fundi ikasoma 96. Suruali zote nikamrudishia azipunguze. Kazini ikawa pongezi kila siku.

Agosti nikaenda nyumbani Handeni. Mahindi yameshapukuchuliwa, gari la kukodi limekuja kuchukua mzigo, viroba vya kilo 50. Nikashika cha kwanza, kikafika gotini, kikarudi chini. Nikajaribu tena, kikafika pajani, mikono ikaanza kutetemeka, nikakiachia. Mzigo kama ule nilikuwa naubeba begani miaka miwili nyuma, na kitambi changu. Kaka yangu ananizidi miaka 9 na hajawahi kukimbia hata siku moja kwa jina la mazoezi. Akachuchumaa, akakivutia kwenye mapaja, akasimama huku nyonga zikikisukuma mbele, kikapanda begani kana kwamba kimejazwa sufi. Alipakia 14 bila kukaa chini. Pumzi pale nilikuwa nayo mimi kuliko wote. Nguvu sikuwa nayo.

Niliporudi Dar nikaanza kusoma. Swali langu lilikuwa moja: katika zile kilo 13 zilizoondoka, mafuta yalikuwa mangapi na nyama ilikuwa ngapi? Mizani haitofautishi. Kwake kilo ya mafuta ya tumboni na kilo ya msuli wa paja ni kilo tu.

Nilichokipata ni hiki. Mwili unajibu kile hasa unachouomba. Ukikimbia unauomba pumzi: moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo ya damu inaongezeka ndani ya misuli, na mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nishati, zinaongezeka. Hakuna mahali katika kazi hiyo ambapo msuli umeambiwa unenepe. Ukinyanyua kitu kizito, habari inabadilika. Wiki za mwanzo mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza, inaita nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja badala ya kuita chache. Ndiyo maana mtu mgeni kwenye vyuma anaongeza uzito kila wiki na mkono bado ni ule ule. Baadaye nyuzi zenyewe zinaanza kunenepa, na hapo ndipo shati linabana mabegani.

Sasa ukivichanganya? Kuna mtafiti wa Marekani, Robert Hickson. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga chuma. Alipokwenda kufanya kazi kwenye maabara ya John Holloszy huko St. Louis akaanza kukimbia na bosi wake, na akaona nguvu na misuli yake vinashuka. Akaja kulipima jambo hilo, akachapisha mwaka 1980. Makundi matatu, wiki 10. La kwanza vyuma vya miguu siku 5 kwa wiki. La pili kukimbia na baiskeli siku 6, dakika 40 kwa siku. La tatu yote mawili, mzigo wote wa makundi yale mawili. Waliopiga chuma tu, nguvu za miguu zilipanda kwa asilimia 44. Waliochanganya walikwenda sambamba nao hadi wiki ya 7, halafu wakasimama, na wiki ya 9 na ya 10 wakaanza kushuka, wakamaliza na asilimia 25. Waliokimbia tu, nguvu zao hazikuongezeka kwa maana. Upande wa pumzi ni kinyume chake: wakimbiaji na wachanganyaji walipanda sawasawa, wapiga chuma hawakupata kitu.

Wengi wakisikia hivyo wanasema basi kukimbia kunaua misuli. Subirini. Hickson aliwafanyisha vipindi 11 kwa wiki. Hakuna hata mmoja wetu hapa mwenye ratiba hiyo. Kwa mtu wa siku tatu za vyuma na mbili tatu za kukimbia, tafiti za baadaye zikikusanywa pamoja zinaonyesha nguvu na unene wa misuli haviathiriki sana. Kinachoathirika kidogo ni nguvu ya kulipuka, kama ya kuruka au kutimua mbio fupi, hasa mtu akibana vyote katika kipindi kimoja. Kwa hiyo tenganisha: vyuma asubuhi, mbio jioni, au siku tofauti kabisa.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Duke, ulichapishwa 2012. Waliwachukua watu wazima wenye uzito uliozidi, wasiofanya mazoezi, yaani watu kama mimi wa kilo 94. Watu 119 walimaliza miezi 8. Kundi moja vyuma siku 3 kwa wiki, seti 3 za mara 8 hadi 12, yaani unanyanyua mara 8 hadi 12, unapumzika, unarudia hadi zitimie tatu. La pili mbio au mazoezi ya pumzi sawa na kilomita 19 hivi kwa wiki. La tatu vyote viwili.

Wapiga chuma mizani yao ILIPANDA, kama gramu 800. Nyama imeongezeka kilo 1 na kidogo, mafuta yamepungua kiasi kisichofika hata nusu kilo. Wakimbiaji walipungua kilo 1.8 hivi, karibu yote mafuta, nyama haikuongezeka. Waliofanya vyote walipoteza mafuta kilo 2.4 na wakaongeza nyama gramu 800. Ukiangalia mizani peke yake utasema mkimbiaji ndiye bingwa na mpiga chuma amepoteza muda wake. Ukiangalia mwili wenyewe, aliyefanya vyote ndiye aliyebadilika zaidi.

Nisiwafiche mambo mawili. Kwanza, kundi la tatu lilitumia karibu mara mbili ya muda wa wengine, si ajabu lilipata zaidi. Pili, angalieni udogo wa namba zenyewe: miezi 8, mafuta kilo 2.4. Hawa hawakubadilisha chakula. Mwalimu wa jimu anayekuahidi kilo 10 kwa mwezi bila kugusa sahani yako anakudanganya, na anayekwambia vyuma peke yake vitakata kitambi naye anakudanganya. Mimi nilipungua 13 kwa sababu niliacha chipsi za usiku na soda. Mbio zilisaidia, chakula ndicho kilichofanya kazi kubwa. Ila nilipunguza chakula bila kuupa msuli sababu ya kubaki, na msuli usiotumika wakati wa njaa unaliwa.

Nilichofanya baadaye: Jumapili nikaibakiza kwa ajili ya mbio na kundi langu, sikuwa tayari kuliacha. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa naenda jimu ya mtaani, ile ya uani. Vyuma vyake ni bomba lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege huku na huku. Mwenye jimu ameandika uzito wa kila kimoja kwa chaki na kila mvua ikinyesha anauandika upya. Mazoezi ni matano tu: kuchuchumaa na mzigo, kunyanyua mzigo kutoka chini, kusukuma benchi, kusukuma juu ya kichwa, kujivuta kwenye bomba. Daftari nina la kurasa 48, kila siku naandika uzito na idadi. Nikifikisha mara 12 kwenye seti zote tatu, siku inayofuata naongeza kilo mbili na nusu.

Miezi 8 baadaye mizani inasoma 83. Kilo 2 JUU. Futi ya fundi inasoma 89, sentimita 7 chini. Nilimwomba apime mara mbili. Kiroba cha kilo 50 nakiweka begani.

Karibuni kwa maswali.

#2

Mkuu umeandika vizuri ila haya ni mambo ya watu wasio na kazi. Babu zetu hawakuwa na jimu wala daftari. Walilima, walitembea, walikula mchicha, hawakuwa na vitambi. Mtu atembee tu inatosha.

#3 (mleta uzi)

Mkuu, babu yako alikuwa anapiga chuma, sema chuma chake kiliitwa jembe. Kung'oa kisiki, kubeba kuni, kuchota maji kisimani, kutwanga, hayo ni mazoezi ya nguvu kila siku ya Mungu. Kaka yangu wa Handeni ndiye ushahidi wangu. Sisi tumeondoa jembe tukabakiza kutembea, tena kutembea hadi kituo cha daladala.

Na kuhusu kutembea kwamba kunatosha kukata kitambi, kuna utafiti uliofanyika hapa hapa nchini, kwa ndugu zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, na Herman Pontzer na wenzake, ukachapishwa 2012. Wanaume walikuwa wanatembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Walipopima nishati yote ambayo mwili unatumia kwa siku, wakarekebisha kwa ukubwa wa mwili, ikakaribiana na ya Wamarekani na Wazungu wanaokaa ofisini. Yaani mwili ukizoea kutembea sana unabana matumizi mahali pengine. Wembamba wa Wahadzabe unatokana sana na wanachokula: mizizi, matunda pori, asali, nyama, ubuyu. Mwendo unawapa moyo mzuri na afya, hilo halina ubishi. Kitambi kinaanzia kwenye sahani.

#4

Kaka naomba nisaidie. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nipo Dodoma. Baada ya mtoto wa pili tumbo limegoma. Kila usiku napiga mazoezi ya tumbo 200 nikiwa nimelala chini kwenye mkeka, mwezi wa tatu huu, naona tumbo lipo pale pale. Mume wangu ameninunulia vyuma vidogo vya kilo 5 lakini naogopa, sitaki kuwa na mabega ya kiume.

#5 (mleta uzi)

Dada yangu, pole na hongera. Miezi mitatu ya kila usiku si mchezo, nidhamu unayo. Kinachokosekana ni kuielekeza mahali pake.

Mafuta ya tumbo hayaondolewi na mazoezi ya tumbo. Jambo hilo lilipimwa Marekani, matokeo yakatoka 2011: watu walifanya mazoezi saba ya tumbo siku 5 kwa wiki kwa wiki 6. Misuli ya tumbo ikawa na ustahimilivu zaidi, lakini mafuta juu yake hayakupungua, wala kiuno. Mwili unachota mafuta unakotaka wenyewe, hauchoti pale panapouma. Hizo 200 zinakupa msuli imara chini ya blanketi lile lile.

Halafu jingine muhimu zaidi. Baada ya kujifungua, misuli miwili ya mbele ya tumbo inaweza kuachana katikati na isirudi yenyewe vizuri. Lala chali, inua kichwa kidogo, gusa katikati juu ya kitovu. Ukihisi vidole viwili au zaidi vinaingia, au tumbo linatoka kama mgongo wa samaki, simamisha kwanza hayo mazoezi ya kuinuka na umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali nyingi za mikoa wanao. Wana mazoezi yao maalumu ya kuirudisha.

Mabega ya kiume usiyaogope. Homoni inayonenepesha misuli ya wanaume, testosteroni, mwanamke anayo kidogo sana ukilinganisha. Wanawake wanaoinua vyuma wanaongeza nguvu vizuri kabisa, na kwa asilimia wanaweza kwenda sawa na wanaume, lakini wingi wa nyama unaoongezeka ni mdogo. Wale unaowaona mitandaoni wenye mabega kama milango wamefanya kazi hiyo miaka mingi, na baadhi wanatumia dawa. Kilo 5 zako zitaanza kuwa nyepesi mwezi wa pili, niamini. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, na hiyo unainyanyua kila siku bila kugeuka mwanaume.

#6

Nakazia hapo kwa dada. Mke wangu anauza samaki feri, anabeba beseni kichwani miaka 11, ana shingo na mgongo wa chuma na bado ni mwanamke mzuri kuliko wote Kigamboni.

#7

Wakuu mimi ni mkimbiaji, najiandaa na Kilimanjaro Marathon, nusu. Kocha wetu Arusha anakataza vyuma kabisa, anasema vitatufanya wazito. Kwa mujibu wa uzi huu vyuma vinaongeza nyama. Nyama ni mzigo. Sasa?

#8

Mdogo wangu wa Arusha, nijibu mimi kwa ruhusa ya mleta uzi. Nimefundisha riadha shule ya sekondari miaka 20.

Kocha wako hakosei kuogopa uzito, mbio ndefu ni vita na mvutano wa ardhi. Anakosea kudhani kila chuma kinaongeza mwili. Kuna Wafini, Paavolainen na wenzake, 1999, waliwachukua wakimbiaji wa kiwango cha juu, wakaondoa karibu theluthi moja ya saa zao za mazoezi wakaweka mazoezi ya nguvu ya kulipuka: kuruka, mbio fupi fupi, vyuma vyepesi vinavyosukumwa kwa kasi. Wiki 9. Muda wao wa kilomita 5 ukapungua. Uwezo wa juu wa kutumia oksijeni haukubadilika. Kilichobadilika ni gharama ya kila hatua: mguu unagusa chini na kuondoka haraka, kano zinarudisha nguvu kama springi.

Kwa hiyo usifanye mara 12 kwa seti tano kama mtu anayetaka kifua. Fanya mara 3 hadi 5, mzigo mzito kiasi au wa kasi, pumzika dakika tatu, siku mbili kwa wiki. Kilomita nyingi unazokimbia zenyewe zitazuia nyama isiongezeke. Hapo ule ugomvi wa Hickson unakufanyia kazi wewe. Na usianze hayo wiki tatu kabla ya shindano, miguu itakuuma ukimbie vibaya.

#9 (mleta uzi)

Shikamoo mwalimu. Hili la kwamba mgongano wa vyuma na mbio ni faida kwa mkimbiaji sikuwa nimelifikiria hivyo. Asante sana.

#10

Mimi nina tatizo la kinyume. Urefu mita 1.78, kilo 58. Watu wananiuliza kama naumwa. Nimeambiwa jimu ninunue unga wa protini kopo moja ni hela ya kodi ya chumba miezi miwili. Na jimu yenyewe siiwezi, nina sakafu tu na ukuta.

#11 (mleta uzi)

Kaka, kodi ya chumba lipa.

Mwaka 2018 zilikusanywa tafiti 49 zenye watu 1,863 waliokuwa wanapiga chuma. Protini iliongeza faida hadi kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, baada ya hapo nyongeza haikuonekana. Kwako wewe ni gramu 93 hivi. Yai moja lina gramu 6. Maziwa nusu lita gramu 16. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na hapo sokoni fungu moja ni bei ya soda. Mayai manne, maharage vikombe viwili, maziwa nusu lita, dagaa kiasi na ugali wa kushiba, umefika. Unga wa kopo si sumu, ni chakula kilichokaushwa, ila unalipia kopo.

Kuhusu sakafu na ukuta: Chuo cha McMaster, Kanada, 2012, vijana walizoeza miguu wiki 10. Mguu mmoja mzigo mzito, asilimia 80 ya uwezo wa juu kabisa. Mwingine mzigo mwepesi, asilimia 30, lakini hadi mguu ugome kabisa. Misuli ilinenepa karibu sawa. Nguvu ya kuinua mzigo mmoja mkubwa ndiyo iliyopanda zaidi kwa wa mzito. Kwa hiyo pushapu zako zinatosha kunenepesha kifua, mradi usiishie 20 kwa sababu umezoea 20. Nenda hadi mkono ukatae. Ukizidi 30 kwa urahisi, weka miguu juu ya stuli, halafu weka mtoto wa jirani mgongoni. Mapaja, chuchumaa kwa mguu mmoja ukishika ukuta. Mgongo ndio mgumu bila kifaa, tafuta tawi la mwembe au boriti imara ujivute.

Na ule. Mwembamba asiyekula cha kutosha akipiga mazoezi anazidi kuwa mwembamba.

#12

Tahadhari kwa wanaoanza. Jimu moja niliyojiunga, siku ya pili mwalimu alinipa mzigo wa kilo 80 ninyanyue kutoka chini, video inarekodiwa. Mgongo nilioupinda pale ulinilaza wiki tatu. Anzeni na bomba tupu. Mgongo ubaki umenyooka, mzigo ukae karibu na miguu, nyonga ndizo zirudi nyuma.

#13 (mleta uzi)

Pole sana mkuu. Wiki mbili za mwanzo ni za kujifunza njia, uzito utakukuta hapo hapo.

#14

Mkuu, habari za leo. Nimesoma uzi wote kwa sababu ya mama yangu. Ana miaka 71, yupo Tabora, ana sukari ila inadhibitiwa. Daktari alimwambia atembee, anatembea kila asubuhi hadi kanisani na kurudi. Lakini kusimama kutoka kwenye kigoda chake cha jikoni anashika meza, tena anapumzika katikati. Chooni ndiyo shida zaidi, cha kuchuchumaa. Nimeanza kufikiria kumjengea cha kukaa. Je, kwa umri huo mambo ya nguvu bado yana maana, au nimwache atembee tu?

#15 (mleta uzi)

Ndugu yangu, hapa ndipo mazoezi ya nguvu yana maana kuliko kwangu na kwako sote.

Mwaka 1990 Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10 dhaifu wa kituo cha kulelea wazee, umri wa wastani miaka 90. Wiki 8 za kunyoosha goti na mzigo mzito, chini ya uangalizi. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa asilimia 174. Na msuli wenyewe wa paja ulipopigwa picha ulikuwa umenenepa kwa asilimia 9. Miaka 90! Mwili wa mzee haujasahau kujibu, hakuna aliyeuuliza tu.

Mwingine wa 2017, Dennis Villareal na wenzake, wazee 160 wenye unene uliopitiliza, miezi 6. Kundi la ulinganisho halikubadilishiwa chochote. Makundi matatu yalipunguziwa chakula, moja likafanya ya pumzi, moja la vyuma, moja vyote. Uzito ulipungua sawa kwa wote watatu, asilimia 9. Angalia sasa kilichoondoka: waliofanya ya pumzi tu walipoteza asilimia 5 ya nyama, wa vyuma 2, wa vyote 3. Mfupa wa nyonga, wa pumzi ulipungua asilimia 3, wa vyuma nusu asilimia. Nguvu, wa vyuma walipanda asilimia 19, wa vyote 18, wa pumzi 4. Na kwenye majaribio ya shughuli za kila siku, kusimama kutoka kwenye kiti, kupanda ngazi, kuokota kitu, waliofanya vyote ndio walioongoza. Hiyo ndiyo hadithi yangu ya Handeni, ila kwa mtu ambaye kuanguka kunaweza kumvunja nyonga.

Mama asiache kutembea. Aongezewe haya. Mwulize daktari wake kwanza, hasa macho na miguu kwa sababu ya sukari, na kama anatumia dawa za kushusha sukari au insulini awe na kitu kitamu karibu na ale kabla. Halafu kiti imara cha mbao, kimeegemezwa ukutani, kirefu kidogo, hata kwa kuweka mto juu yake. Akae mbele ya kiti, miguu chini ya magoti, mikono kifuani akiweza, asimame, ashuke POLEPOLE akihesabu hadi tatu. Kushuka nako kunajenga. Mara 5, apumzike, mara 5 tena, siku tatu kwa wiki. Asizuie pumzi. Akifika 10 kirahisi, toa mto. Halafu achukue kichupa cha maji kila mkono. Mtu awepo karibu siku za mwanzo.

Na choo cha kukaa mjengee tu kama unaweza. Kimoja hakizuii kingine.

#16

Nimemwonyesha mdogo wangu anayeishi naye. Nitaleta mrejesho.

#17

Mkuu mleta uzi, mimi ni mlinzi wa usiku, nafanya mazoezi saa ngapi?

#18 (mleta uzi)

Ukishalala, kaka. Ukitoka lindo lala kwanza saa zako, piga vyuma mchana kabla ya kurudi kazini, siku tatu. Msuli unajengwa wakati umelala, na usingizi mfupi wakati unapunguza chakula unafanya upoteze nyama zaidi ya mafuta. Huko lindoni tembea.

#19

Wakuu, mimi ni yule wa mama wa Tabora. Wiki ya 9 leo. Daktari alikubali, akasema aanze na miguu tu. Wiki ya kwanza alisimama mara 3 akishika meza, akakasirika, akasema tunamchezea. Mdogo wangu akawa anafanya naye pamoja, wanahesabu Kinyamwezi. Wiki ya 4 mto ukatoka. Juzi nimepigiwa simu ya video: kigoda kile kile cha jikoni, kifupi, mikono kifuani, amesimama mara 11. Ya 12 akakataa, akasema ugali unaungua.

Anauliza vile vichupa vya maji aanze na nusu lita au lita nzima.

#20 (mleta uzi)

Mwambie shikamoo. Nusu lita kwanza, wiki mbili, halafu nzima.